Kabati la Mtoto wa Watu Si Kontenti Yako

Haya wadau, ubuyu huu kila mtu keshaula. Kile kipande cha sekunde 38 kimetoka Mji Mkongwe, kimefika Bububu, kimefika Fuoni, kimepanda boti kwenda Dar, kimeruka mpaka Maskati na kimerudi Unguja kikiwa kimewekewa muziki wa kutisha. Wengi wamekiona. Wengi wamekituma kwa wenzao na ile emoji ya kuziba mdomo, halafu wakaenda kuswali Isha kama kawaida.

Kwa aliyekuwa shamba bila bando, kisa ni hichi. Kuna dada mmoja mjini hapa anapamba maharusi. Mkono wake mzuri, hilo hakuna wa kumnyima. Ana folowazi wa kutosha, na ikifika mfunguo mosi kalenda yake haina nafasi hata ya kunywa maji. Aliitwa kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe kumpamba bibi harusi. Nyumba zile zinajulikana: ngazi zimesimama wima, vyumba vinapitana, chenye mwanga ni kimoja. Siku ile chenye mwanga kilikuwa cha binti wa nyumba, mdogo wake bibi harusi. Binti mwenyewe alikuwa chini anapanga sahani za wageni. Mpambaji akafungua kabati atafute pa kutundika shela, akakuta nguo upande mmoja na vitabu upande mwengine. Akavitazama. Akatoa simu.

Maneno aliyoyaweka juu ya video yalisema watoto wa kike wa Kizanzibari wanasoma uchafu, wazazi waamke. Chini yake kengele tatu nyekundu. Jina la binti hakulitaja, na wala hakuhitaji. Kwenye video umeonekana mlango wa chumba, pazia, na ukutani picha ya mahafali, na mji wenyewe huu mtu akipiga chafya Kiponda anaombewa dua Malindi. Ilipofika Magharibi nyumba ilikuwa inajulikana.

Yaliyofuata hayakuwekwa kwenye status ya mtu. Binti alikuwa anasomesha tuisheni watoto wa jirani, hisabati na Kiingereza, jioni barazani. Wazazi wakawatoa mmoja mmoja, huyu kwa kisingizio cha homa, yule bila hata kisingizio. Alikuwa keshaposwa, upande wa mchumba ukamtuma mtu mzima kuja kusema mambo yasubiri kwanza. Baba yake siku hizi anakula peke yake. Mama mtu ndiye aliyejikaza akapiga simu.

"Mwanangu, tafadhali nifutie kile kitu. Yule ni mwanangu, na wewe ni kama mwanangu."

"Shikamoo mama. Usinielewe vibaya mama yangu, ile ni elimu kwa jamii."

Elimu kwa jamii. Posti iliyofuata, saa mbili baadaye, ilikuwa ofa ya foundesheni.

Halafu akadandia bwana mmoja msanii, yule ambaye wimbo wake wa mwisho huwezi kuusikiliza ukiwa umekaa na mama mkwe. Akaenda laivu dakika arobaini anazungumzia maadili. Dakika arobaini! Kabati limempa vyuu ambavyo nyimbo zake tatu hazijampa.

Kwanza kilichokuwamo kabatini, maana wengi wanaopiga kelele hawajui wanachokipigia. Ukiisimamisha video unahesabu vitabu 23. Kumi na tano kati yake ni Haikyu!!, manga ya Haruichi Furudate kuhusu timu ya skuli ya mpira wa wavu. Ilianza 2012, ikaisha 2020, vitabu 45, na mapenzi yaliyomo ni ya mpira. Ndiyo hiyo iliyozungushiwa duara jekundu kwenye video. Kosa la wale vijana wa kwenye jalada ni kuvaa kaptula na kukumbatiana baada ya kushinda pointi, jambo ambalo linafanyika Uwanja wa Amaan kila mechi na hakuna mzazi anayeamshwa.

Vinane vilivyobaki ni BL kweli. Hakuna haja ya kuzungukazunguka. Ni katuni za Kijapani za mapenzi baina ya wavulana, waandishi wake wengi ni wanawake, na wasomaji wake wengi ni wasichana. Kimojawapo ni Given ya Natsuki Kizu. Kijana anatembea na gitaa lenye waya uliokatika, gitaa la mpenzi wake aliyefariki. Hawezi kulia, hawezi kusema, mpaka anakutana na mwenzake wa skuli anayemtengenezea ule waya na kumuingiza kwenye bendi. Anayetafuta uchafu kwenye kitabu kile cha kwanza atatafuta mpaka achoke, atakachokikuta ni msiba. Zipo BL nyengine zenye mambo ya chumbani, zimepigwa alama ya 18+ juu ya jalada, na hizo ni za watu wazima, hazifai kuachwa mikononi mwa mtoto wa darasa la sita. Binti huyu ana miaka ishirini na tatu.

Na neno lenyewe limezua vichekesho nyumbani kwao kabla halijazua balaa. Bibi yake akisikia manga anajua ni Uarabuni, Wamanga waliokuja na majahazi, au basi pilipili manga ya kwenye pilau. Alipoambiwa mjukuu wake anasoma manga alifurahi, akadhani mtoto kashika Kiarabu. Tena alipokuja kukifungua kitabu akazidi kuamini, maana kinafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wasomaji wa Ulaya wanawekewa ukurasa mzima wa kuwaelekeza kwamba wameanzia nyuma. Mtoto wa Unguja aliyepita chuoni haelekezwi na mtu.

Tena hawa wanaosema ni ugonjwa mpya wa TikTok, hawana habari. Mambo haya yalianza Japani miaka ya 1970, na wanawake vijana waliokuwa wanachora magazeti ya wasichana ndio walioyaanzisha. Keiko Takemiya alianza kuitoa Kaze to Ki no Uta mwaka 1976. Mwaka 1978 likatoka gazeti la June, la mapenzi ya aina hiyo na kwa wasomaji wa kike. Takemiya huyo huyo baadaye akawa rais wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika, kuanzia 2014 mpaka 2018. Mwenzake Moto Hagio, aliyekuwa akiandika hadithi za namna hiyo tangu mwanzo, serikali ya Japani imempa nishani. Na huko nako wasichana walitukanwa. Waliitwa fujoshi, yaani wasichana waliooza, kwa kuchezea herufi moja tu ya neno la heshima la mwanamke. Wenyewe wakalichukua tusi, wakajiita hivyo mpaka likaisha makali.

Sasa swali ambalo kwenye zile komenti mia tisa hakuna aliyeliuliza: kwa nini msichana wa Unguja, aliyelelewa, aliyehitimu chuo, anayefunga sita za Shawali, anasoma hadithi za wavulana wawili wa Tokyo?

Waliouliza kwa ubaya wana jibu lao moja: basi naye ni wale wale. Jibu lenyewe halina hata mantiki, maana katika hadithi hizo hakuna mwanamke wa kufanana naye. Na hapo ndipo penyewe. Hakuna mwanamke. Chukua tamthilia yoyote ya mapenzi inayotazamwa sebuleni, ya Kituruki, ya Kihindi, ya Kifilipino, ya Bongo, halafu hesabu msichana anahukumiwa mara ngapi. Kavaa nini. Karudi saa ngapi. Kampenda kijana maskini, mjinga. Kampenda tajiri, mroho. Kakataa, anaringa. Kakubali upesi, hajatulia. Msichana anayetazama anakaa pale kochini na shangazi zake wawili, na kila neno wanalomtupia yule wa kwenye tivii linamgonga yeye. Hatazami mapenzi, anakaa kikaoni.

Katika BL kikao hakipo. Watu wawili wanapendana, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuwa yeye. Hakuna anayehesabiwa mahari. Hakuna anayeambiwa ajistahi. Akitaka kuwa yule mkimya atakuwa, akitaka kuwa yule jeuri atakuwa, na akifunga kitabu anabaki vile vile alivyokuwa, mtoto wa watu, hajaguswa na neno la mtu. Wasomi wa Japani na kwengineko wameandika vitabu vizima kuhusu jambo hili. Wasichana wa Kikwajuni na Jang'ombe wanaozisoma wanalisema kwa sentensi moja: humu hamna wa kunisema.

Na mapenzi yake yenyewe ni ya kuvumilia. Anayetaka mambo ya haraka mtandao umejaa, hana haja ya kuhangaika na BL. Kwenye manga hizi watu wanachukua vitabu vitatu kushikana mkono. Kuna kurasa nzima za mtu anatazama mgongo wa mwenzake kwenye treni na hamna neno lililoandikwa. Kisiwa kilicholea taarabu, ambako mwanamke anatunza pesa jukwaani kwa ajili ya mstari mmoja na wote ukumbini wanajua anamwambia nani bila kutajwa, kinashindwaje kuelewa hilo?

Kisiwa hichi hichi kina historia yake. Enzi za Majestic, Empire na Cine Afrique kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, yakiitwa zenana. Mabibi wa leo walikuwa wasichana, wanatoka na mabuibui yao, wanajazana gizani kutazama Wahindi wanapendana kwa lugha ambayo wengi wao hawaijui. Awara ilipotoka, 1951, ilipendwa pwani nzima. Walilia na Nargis mpaka kope zikavimba. Mle ndani walijifunza nywele, mishono na ndoto, halafu wakarudi nyumbani kupika. Hakuna aliyesema bibi kalia na Nargis, basi bibi anataka kuwa Mhindi. Wazee wa wakati ule nao walinung'unika, wazee hawakosi la kunung'unikia, lakini hakuna aliyeingia mle na taa akamulika sura ya binti wa mtu ili kesho akamtangaze Darajani.

Ndicho alichofanya huyu mpambaji. Kaingia na taa.

Wapo watakaosema: lakini jambo lenyewe dini hairuhusu, sheria hairuhusu, kwa hiyo dada kafanya vizuri. Hoja hiyo si ya kuchekwa, mzazi wa Unguja ana haki ya kuogopa anachokiogopa. Sheria inajulikana, mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilizikaza adhabu za mapenzi ya jinsia moja, kwa wanaume na kwa wanawake, na hakuna msomaji wa BL kisiwani asiyelijua hilo. Lakini sheria ile inazungumzia matendo ya watu. Haimzungumzii msichana aliyekaa kitandani na kitabu cha michoro. Jirani hasomi sheria, jirani anatazama video, na kwake yeye video ikishasema ndiyo imekwisha. Huo ndio uzito aliotupiwa binti huyu na mtu aliyekuja kupaka wanja.

Na kwa upande wa dini, huyu dada kasoma chuo kama wenzake. Kafundishwa nini kuhusu aibu ya mwenzio? Kafundishwa kusitiri. Ukiona baya ndani ya nyumba ya mtu una njia zako: unamwita pembeni, unamwambia mama yake, unanyamaza unamuombea. Hakuna kitabu wala ustadhi anayefundisha kwamba ukiona baya kwenye kabati la Muislamu mwenzio ulipige video, ulitafutie muziki, ulipandishe saa mbili usiku wakati watu wengi wako mtandaoni. Zaidi ya hapo, aliingia mle kwa kazi. Kalipwa. Mpambaji, fundi cherehani, mkandaji, fundi umeme, hawa wote wanaingia vyumba ambavyo mjomba haingii. Wanaona dawa mezani, wanaona kitanda kimoja mito miwili, wanaona kitanda kimoja mto mmoja. Wangekuwa wote kama huyu, kila nyumba ingekuwa inapamba maharusi yake yenyewe kwa mkaa.

Hata serikali ilipokuwa na wasiwasi na vitabu, haikwenda hivi. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 kwenye skuli za Bara, pamoja na vile vya Diary of a Wimpy Kid ambavyo nusu ya watoto wa mjini wanavipenda. Watu walibishana sana, na wana haki ya kubishana mpaka leo. Lakini vilitajwa vitabu. Hakutajwa mtoto aliyekutwa navyo kwenye mkoba, wala mlango wa kwao haukuonyeshwa.

Wanaopenda kutaja sheria basi waitaje yote. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 23 kinahusu kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao, kwa ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Faini ipo na jela ipo. Wale waliomtumia binti jumbe za matusi usiku wa manane kwa namba zao wenyewe, zilizosajiliwa kwa alama za vidole, wakalale wakilifikiria hilo.

Sasa lile ambalo komenti zinalingoja. Mwaka wa korona, skuli zimefungwa na watu wamejifungia, kulikuwa na grupu moja la WhatsApp la wasichana wa mjini. Walikuwa wanatazama tamthilia ya Kithai, 2gether, ile iliyoanza kuonyeshwa Februari 2020, wanafunzi wawili wa kiume wanajifanya wapenzi mpaka wanapendana kweli. Ni BL, tena inayojulikana dunia nzima. Kila Ijumaa kipande kipya. Na katika grupu lile kulikuwa na mtu ambaye ilikuwa ikichelewa kupandishwa anatuma sauti za dakika tatu tatu analalamika, na kilipokwisha kipande cha mwisho akasema hali chakula. Waliokuwamo wanamjua. Siku hizi anapamba maharusi.

Sauti zipo. Hazitawekwa hapa, wala jina halitawekwa, na wanaoona hiyo ni woga wamekosea. Usiku ule wa 2020 alikuwa chumbani kwake, amefunga mlango, anafurahia hadithi. Hilo ni kabati lake.

Lakini mashabiki nao wasikae wakapiga makofi, maana wana lao. Kuna akaunti moja ya wapenzi wa BL wa Unguja, mwaka jana ikaanza kukata video za wale vijana wanaoruka baharini Forodhani jioni. Wote wanawajua, wanakimbia, wanajirusha, wanapinduka hewani, watalii wanapiga picha. Akaunti ikachagua wawili, ikawapunguzia kasi, ikaweka muziki wa Kijapani na mioyo, ikawapa jina la pamoja kama wahusika wa manga. Mashabiki wakafurahi, wakaanza kuandika hadithi. Wale vijana ni watu. Wana kaka zao, wana maskani, wana mabaharia wanaowatania. Mmoja wao akaacha kuja kuruka. Manga imechorwa, Mafuyu wa kwenye Given hana mtaa atakaopigwa mawe. Mtoto wa Forodhani anao. Aliyeikata video ile na aliyepiga video kabati wamefanya kitu kimoja, tofauti yao ni muziki.

Akaunti ilifutwa baada ya wiki. Wenyewe walikaa wakaambizana, wakafuta, mmoja akaenda kuomba radhi kupitia dada wa yule kijana. Ilichukua siku saba. Mpambaji sasa yuko siku ya kumi na sita.

Na watu wanauliza, kwani alikuwa na haja gani ya kuweka vitabu, si angesoma kwenye simu akafuta? Wanaouliza hivyo hawajawahi kukusanya kitu. Kwenye simu vingi ni vya wizi, vimepigwa skani na kutafsiriwa na watu wasiomlipa mchoraji hata senti, na binti huyu alikuwa na msimamo wake katika hilo. Halafu simu ya msichana nyumbani si yake peke yake. Anapigia mama, anachezea mdogo wake, kaka anaazima bando. Kitabu ni chake. Kitabu kimoja cha Given kwa Kiingereza ni dola 13 hivi, ukibadilisha unapata elfu thelathini na kitu, hujaweka usafiri. Unguja hakuna duka linalouza. Vinane vile vimemchukua miaka mitatu. Anaweka hela za tuisheni, anamtumia binamu yake aliyeko Uingereza, binamu anavitia katikati ya nguo akija likizo, kimoja kimoja kwa sababu begi lina kilo zake. Vya mpira wa wavu vingi vililetwa na shangazi kutoka Dubai, kwenye lile duka la Kinokuniya ndani ya Dubai Mall, ambako manga zina rafu zake ndefu na akina mama wa mabuibui wanawalipia watoto wao bila kutazamwa na mtu.

Kuvitunza pia ni kazi. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa, masika zinatoa jasho, karatasi inajikunja na kuota madoa. Kila kitabu alikivalisha plastiki, akaweka vile vipakiti vya kukausha unyevu anavyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu, na nyuma karafuu kavu kwenye kitambaa kwa ajili ya wadudu. Kwenye video, sekunde ya ishirini na sita, kile kifundo cheupe kinachoonekana pembeni ambacho msanii yule alikaa laivu akisema ni hirizi, ni karafuu.

Vitabu sasa haviko kabatini. Baba alitaka vichomwe. Bibi ndiye aliyevichukua, kavifunga kwenye khanga na kuviweka chini ya kitanda chake, na alipoulizwa anavifanyia nini akasema ni mali ya mjukuu wake, imenunuliwa kwa jasho, na chumba chake haingii mpambaji. Inasemekana kakifungua kile cha gitaa. Kusoma hawezi, anatazama picha, na kamuuliza mjukuu wake yule kijana anamlilia nani.

Video bado ipo. Jana imefika Mombasa.

Na wale wanaoandika "taja jina" kwenye komenti, la binti na la mpambaji, komenti zenu zinafutwa. Mpaka saa hizi zimefutwa kumi na nne.